Marubani wa Sebuleni

3 Februari

Kitinda wangu,

Salamu utazikuta chini kama nafasi itabaki, maana nina habari ambayo nikiikalia hadi mwisho wa ukurasa itanipasua. Wametangaza! Wanatengeneza ndege yako.

Dada yako anasoma begani kwangu anasema, "Ndege yake? Shule imempa lini?" Wewe unanielewa. Namaanisha ndege ya aina hiyohiyo mnayojifunzia huko: viti vinne, injini moja, mabawa yamepita juu ya paa kama mtu aliyejitwika ubao. Kwenye mchezo wetu wa urubani wa kompyuta haikuwapo. Tulikuwa na madege ya abiria yenye vitufe kama choroko zilizomwagika, na kindege kimoja cha mabawa ya chini ambacho nimekizungusha mpaka kimenikinai. Sasa wapo watu wanaitengeneza hiyo yako, mtu uipachike kwenye mchezo kama unavyoongeza chumba kwenye nyumba, na wameahidi kuitoa mwezi wa nne. Picha waliyotoa ni moja, ya mlango. Mlango tu, mwanangu! Na chama kizima tulikaa tukautazama kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga.

Chama chenyewe hukijui. Uliponiacha mimi mkunga mstaafu, nilibaki sina la kufanya ila kupanga vikombe na kuvipangua. Sasa ni mwanachama wa Chama cha Marubani wa Sebuleni. Mwenyekiti ni Kinyozi, kwa sababu kompyuta yenye nguvu ni yake, iko chumba cha nyuma ya saluni. Kuna Mzee Breki, dereva mstaafu wa malori, tuliyemwita hivyo kwa sababu hata akiwa mawinguni mguu wake unatafuta breki. Mimi nina kompyuta yangu ndogo sebuleni, na pedali alizoniundia fundi wa kuchomelea mageti. Nzito kama dhambi, lakini hazitelezi.

Basi nijibu, chama kinasubiri: mlango unabamizwa au unasukumwa taratibu? Ndani kunanuka nini? Kiti kinasogea?

Sote wazima. Dada yako analalamika, kwa hiyo mzima kabisa.

Mama yako,
Kapteni Mkunga


17 Februari

Mama (au niseme Kapteni),

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikicheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza nimeona nini.

Mlango haubamizwi. Ukiubamiza, mwalimu atakuuliza kama kwenu mlikuwa mnafungia ng'ombe. Unauvuta, unalaza kitasa kuelekea mbele, unasikia "ta!" Ule wa kushoto una kiburi: lazima uunyanyue kidogo kwanza, kama mtu anayetaka kubembelezwa. Ndani kunanuka mafuta, plastiki iliyokaangwa na jua, na jasho la wanafunzi waliotutangulia. Kiti kinasogea, ila kinauma vidole.

Waambie chama pia kwamba tumboni, kutoka kwenye bomba la moshi hadi karibu na mkia, kuna mchirizi mweusi ambao sabuni ya kawaida haiutoi. Kuna vichwa vya misumari midogo vimepangwa mistari chini ya bawa, ukipitisha kiganja unahisi kama unasoma. Na ukipanda ngazi ukaangalia juu ya bawa utakuta vumbi jekundu, na ukingo wa mbele umejaa wadudu waliopondeka.

Mwalimu wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, lakini akinong'ona hata injini inanyamaza imsikilize. Anasema niwasalimu marubani wote wa sebuleni.

Usihangaike kupiga simu, Mama. Mtandao huku ni wa kubahatisha. Barua ni bora, ndege ya posta haikosi.

Kitinda wako


4 Machi

Kitinda wangu,

Barua yako imesomwa kwa sauti saluni. Kinyozi alisimama na mashine mkononi, mteja kichwa nusu shamba nusu lami, akasema hatanyoa mtu mpaka isomwe mara ya pili. Ule mlango wa kushoto wenye kiburi umekuwa methali kwetu. Jana Mzee Breki alibisha jambo, Kinyozi akamwambia, "Huyu anataka kunyanyuliwa kidogo kwanza."

Habari mbaya: wameahirisha. Si mwezi wa nne tena, ni wa tano. Mzee Breki amenuna, anasema matapeli hao. Nikawaambia, nimepokea watoto miaka yote hiyo, sijaona hata mmoja aliyezaliwa kwa kufuata kalenda. Anayekuja kabla ya wakati ndiye wa kuogopa. Wakatulia. Lakini nakuambia wewe, siri yako: na mimi nilinuna. Nilirudi nyumbani nikamjibu vibaya dada yako, akasema, "Mama, mtu mzima unanuna kwa ajili ya ndege isiyokuwapo."

Wametoa picha ya pili, ya dashibodi. Nimeikariri. Naweza kukuambia kila saa iko wapi nimefumba macho.

Sasa tuamulie ugomvi. Mzee Breki anasema ukigeuka kuja kutua, pua ya ndege inauficha uwanja. Kinyozi anasema haifichi. Wamewekeana dau la ndevu. Wewe uko pale kila siku, tuambie: ukigeuka mara ya mwisho, uwanja mbele yako, unaona nini?

Mama yako


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Kuhusu pua, inategemea. Urefu wa mtu, kiti, mzigo. Waambie wote wawili wamepata, ndevu zao zipone.

Wiki hii tumepata kisa. Ndege moja ilikaa bandani bila kutumika, tulipofungua kifuniko cha injini tukakuta kiota, na mwenyewe ametulia juu ya mayai. Ndege ndani ya ndege! Mwalimu akakataza asiguswe. Kwa hiyo tuna ndege isiyoruka kwa sababu ya ndege anayeatamia, na fundi mkuu anapita kwa kunyata. Nikakukumbuka. Nikasema mama yangu angekuwa hapa angemwekea mlinzi mlangoni.

Nyigu nao wanapenda kile kibomba kilicho chini ya bawa, kinachopima mwendo. Lazima kivishwe kifuniko kila jioni. Kazi hiyo naifanya mimi.

Msalimie Dada. Mwambie asikuonee.

Kitinda


11 Aprili

Mwanangu,

Hii ni fupi.

Nilipiga simu shuleni. Iliita vizuri, sikusikia mtandao wa kubahatisha. Alipokea kijana mmoja, akasema, "Yuko bandani, Mama, nimwite?" Nikasikia akikuita, nikasikia na sauti yako ikisema kitu kwa mbali. Halafu akarudi akasema hakukuona.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Dada yako anasema nimekuchosha. Anasema kijana anayesomea urubani wa kweli hapendi mama yake amwulize maswali ya mchezo wa kompyuta, na barua zake zisomwe saluni watu wakinyolewa. Huenda ni kweli. Huenda wenzako wanakucheka kwamba mama yako naye ni kapteni, wa sebuleni.

Kama ndivyo, sema tu. Nitaacha kuuliza. Sitaacha kuandika, hilo usahau.

Mama


18 Aprili

Mama yangu,

Nisamehe. Sikuoni haya hata kidogo. Hapa kila mtu anajua habari za chama chenu, mpaka fundi mkuu anauliza Mzee Breki ametua salama. Barua zako ndizo ninazozisubiri.

Kazi zimenizidi tu. Uliza chochote unachotaka.

Kitinda


21 Mei

Kitinda wangu,

Imezaliwa.

Asubuhi walituma ujumbe kwamba iko tayari, na kufika saa nne saluni ilikuwa imefungwa kwa wateja. Kinyozi alikataza mtu yeyote kugusa simu yake, eti tutakula mtandao. Tulikaa sote tukiutazama ule mstari wa kijani unaoonyesha ndege inavyoshuka kwenye kompyuta. Ulifika karibu na mwisho ukakwama. Mzee Breki akaanza kubonyezabonyeza. Nikampiga kofi mkononi: "Usisukume! Njia haijafunguka!" Nakuapia, nilivyotoa mkono wake, mstari ukaruka ukajaa.

Tukaingia. Mlango wa kushoto ulipolia "ta!" wazee wazima walipiga makofi. Wameigiza kila kitu, mpaka rangi iliyobanduka pale goti la rubani linaposugua. Mzee Breki aliiangalia sana, halafu akasema polepole, "Mtu aliyetengeneza hii anaipenda." Akatoka nje akasema anakwenda kununua sigara, na havuti.

Zamu yangu ikafika. Niliruka vizuri, nikazunguka, nikageuka kuja kutua. Upepo waliuweka wa ubavuni, makusudi. Niligusa chini nikadunda, nikadunda tena, nikadunda mara ya tatu, nikatoka njiani nikaishia nyasini. Saluni nzima ikacheka. Nilicheka nao.

Kisha nikabaki nimekaa mle ndani, ndege imesimama nyasini, nikawa natazama huku na huku kama mtu anayetafuta miwani yake. Mwanangu, kutoka kitini tumbo la ndege halionekani. Matairi hayaonekani. Juu ya bawa hakuonekani, wala kile kibomba cha nyigu. Unaona upeo wa macho unavyolala upande unapopinda. Unaona dunia ikikujia. Na pua inaficha uwanja, inaficha kabisa, hakuna cha inategemea. Kinyozi amenyolewa ndevu mchana huohuo.

Nilirudi nyumbani nikatoa barua zako zote. Ukiacha mlango, kiti na harufu, hakuna ulichoniandikia ambacho mtu hakioni akiwa amesimama chini.

Umeacha kuruka tangu lini, baba?

Sikuulizi kwa hasira. Andika vibaya, andika haraka, lakini andika.

Mama yako


29 Mei

Mama,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nitaandika tu kama ulivyosema.

Tangu mwezi wa kwanza. Kabla ya barua yako ya mlango.

Nilikuwa nimeruka peke yangu mara moja, ile niliyokupigia simu tukapiga vigelegele. Mara ya pili ilikuwa wiki iliyofuata. Upepo uliamka nikiwa juu. Nilikuja kutua, nikadunda kama ulivyodunda wewe. Ulipoandika "nikadunda mara ya tatu" niliiweka barua chini nikatoka nje. Ndege ilinishinda, ikatoka njiani ikaingia nyasini, na mbele yangu alikuwapo mkata nyasi. Sikuwa na la kufanya. Mkono umeganda, mguu umeganda. Niliona anatupa fyekeo, anajitupa chini, kisha bawa likapita juu yake, nami sikujua kama ni juu yake au ni kwake.

Hakuumia. Bawa lilipita. Nilipofungua mlango alikuwa amekaa kwenye majani ananitazama tu. Natamani angenitukana.

Siku ya pili mwalimu aliniketisha kwenye ndege ileile. Nilishika ufunguo, mkono ukakataa kuuzungusha. Nilikaa mpaka shati likalowa. Akaniambia, "Shuka. Lakini usizikimbie. Kaa nazo karibu mpaka mzoeane upya." Akanipa ndoo na vitambaa. Nimekuwa nikiziosha tangu hapo. Wenzangu niliokuja nao wameshakwenda hatua nyingine. Mimi nazivisha ndege vifuniko vya nyigu.

Sikukudanganya hata sentensi moja kuhusu ndege, Mama. Kila nilichokuandikia nimekishika kwa mikono yangu. Lakini kuhusu mtandao nilidanganya. Uko imara. Nilijua kwenye simu ungenisikia, na barua haina sauti.

Na mkata nyasi bado yupo. Namkwepa. Nikimwona huku nazungukia kule.

Sijui kama nitarudi juu. Usiwasomee saluni hii.

Kitinda


5 Juni

Baba yangu mdogo,

Hakuna aliyeisoma ila mimi na dada yako. Amelia, kisha akafua nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi. Anasema urudi nyumbani kesho. Unamjua, akipenda mtu anampenda kwa amri.

Na mimi nina langu. Wewe unadhani niliingia kwenye mchezo huu kwa kukosa kazi, na mimi ndivyo nilivyowaambia watu. Si kweli. Siku ile uliyoruka peke yako mara ya kwanza, tulipiga vigelegele kwenye simu, nikakata, nikaketi kwenye ngazi za uani. Nikaenda moja kwa moja kwa Kinyozi, nilikuwa nimesikia ana mashine ya kurusha ndege. Nikamwambia, "Nionyeshe yote yanayoua watu humo." Alinionyesha. Injini kuzimika, mawingu, upepo, mafuta kwisha. Nilianguka kila siku, mwanangu. Nilikuwa nakufa kabla ya chai ili nijue ni nini kinachokusubiri wewe. Baadaye, katikati ya kuanguka, nikaanza kupenda. Ndiyo hivyo. Woga ndio ulionipeleka, sasa hata nikifukuzwa siondoki.

Sikwambii rudi angani. Sikwambii rudi nyumbani. Sikuzaa cheti, nilikuzaa wewe. Ukiamua kuosha ndege maisha yako yote, nitakuja kukushikia ndoo.

Tena nakuja kweli. Nimeshakata tiketi ya basi, mwisho wa mwezi huu. Usijisumbue kupanga kitu. Na usinikwepe, mimi si mkata nyasi.

Mama yako


2 Julai

Kitinda wangu,

Nimefika nyumbani salama. Mgongo unauma, roho haiumi. Naandika sasa kabla dada yako hajaigeuza safari yangu kuwa kichekesho cha mtaa, maana nilifanya kosa la kumsimulia.

Kwanza ambalo hukulijua. Siku yangu ya pili huko kwenu, ulipokwenda kuchota maji, nilimfuata yule mkata nyasi kwenye kivuli cha banda. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ndiye mama wa yule aliyekupita na bawa. Akacheka! Mzima wa watu, akaegemea fyekeo lake akacheka. Akasema, "Mama, mimi siku ile nilikwenda nyumbani nikala chakula mara mbili. Nimefanya kazi kiwanjani miaka mingi, wameshaniruka wengi. Huyo wako ndiye pekee aliyeshuka akaja kuniangalia kabla hajaiangalia ndege." Kisha akaongeza: "Ila mwambie aache kunizungukia. Ananifanya nijione mzimu." Nimekuletea maneno yake kama yalivyo.

Sasa la aibu yangu. Mwalimu aliposema, "Mama, utakaa nyuma, Kitinda atakaa mbele na mimi, tutazunguka mara moja tu, usukani nashika mimi," nilikubali kwa majivuno. Saa zote nilizoruka mimi! Niliingia nikaanza kumtajia mwalimu jina la kila kitu, akawa anaitikia kwa adabu. Kisha injini ikawaka, na ile ndege ikatikisika. Ya saluni haitikisiki hivyo, Kitinda. Haikushiki matumbo. Nikasahau kila kitu. Nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili nikapiga kelele, "Shusheni! Shusheni!" na magurudumu bado yako chini.

Nilifumba macho. Nilianza kusali, nikachanganya sala ya chakula na ya kulala. Nikakusikia unageuka, unasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, "Mama. Tulia. Niko hapa. Nitaenda polepole."

Hukusema "tutaenda." Ulisema "nitaenda."

Nikafumbua jicho moja. Mikono ya mwalimu ilikuwa mapajani, vidole vimefumbatana. Ya kwako ndiyo ilikuwa usukanini. Ulikuwa na kazi ya kunitunza mimi, hukupata nafasi ya kujiogopa. Nililifumba lile jicho tena, nikaendelea kupiga kelele kwa sauti ya chini zaidi, na safari hii, nisamehe, nilikuwa naigiza kidogo.

Tulipotua ulishuka ukanipa mkono kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu akanikonyeza. Mwanamke yule nampenda.

Chama kimenihoji kama polisi. Kinyozi anataka kujua kama ile ya kweli inafanana na yetu. Nikamwambia inafanana kila kitu, hadi rangi iliyobanduka. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimefumba macho.

Mama yako,
Kapteni kwa jina tu


6 Agosti

Mama,

Shikamoo. Leo asubuhi nimeruka peke yangu.

Sikukuambia mapema kwa sababu nilijua utakaa kwenye ngazi za uani. Wiki hizi nimekuwa nikiruka na mwalimu, kila siku anaongea kidogo kuliko jana, mpaka leo akafungua mlango, akashuka, akaufunga taratibu, akaondoka bila kugeuka.

Upepo ulikuwapo. Nilipokaribia chini ulinisukuma pembeni, nikahisi mkono unataka kuganda. Sikung'ang'ana. Nikaongeza moto, nikapaa tena, nikazunguka upya. Huko juu nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti. Nilikuwa nakuambia wewe: Mama, tulia, niko hapa, nitaenda polepole. Mara ya pili nikagusa. Gurudumu moja kwanza, la upande wa upepo, halafu la pili, halafu pua ikashuka yenyewe.

Mkata nyasi alikuwa pale pembeni anafanya kazi. Hakuinua hata kichwa. Sijawahi kufurahi namna hiyo kwa kupuuzwa.

Baadaye nilimpelekea chai. Tumekaa.

Nipigie simu wakati wowote. Nitapokea.

Kitinda


14 Agosti

Kitinda wangu,

Nimekupigia mara tatu na kila mara umepokea, kwa hiyo barua hii haina habari mpya ila moja, na nimekataa kuisema kwenye simu kwa sababu mwenyewe alikuwa karibu.

Barua yako ilifika nikiwa nakaanga viazi. Nilisoma nimesimama. Dada yako akatoka chumbani, akaniona, akadhani ni msiba. "Mama, nini? Sema!" Nikampa karatasi. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaweka mezani. Akavuta kiti changu cha urubani, akakaa, akaweka miguu kwenye zile pedali ambazo ameziita vyuma chakavu tangu siku zilipoingia humu ndani.

Akasema, "Ndiyo hii aliyoruka?"

Nikasema ndiyo hii.

"Haya. Inawashwaje?"

Nikamwonyesha. Hakuniruhusu nishike kitu. Akaruka, akaenda mbali, akawa kimya muda mrefu ajabu, mtu asiyenyamaza hata akila. Mara moja tu aliuliza, "Na yeye anakuwa peke yake humu?" Nikasema ndiyo, peke yake. Akafuta uso kwa kanga, akaendelea kushika usukani.

Halafu akageuka kuja kutua. Nikamwandaa: utadunda, usijali, wote tunadunda, mimi nilidunda mara tatu, Kinyozi alianza kwa kuvunja mkia.

Mwanangu, ametua kama unyoya. Mara yake ya kwanza. Katikati ya mstari. Viazi vimeungua, Mzee Breki ameletwa aje ashuhudie akasema ni bahati, dada yako akatua tena mbele yake, vilevile. Kuanzia jana haturuhusiwi kupumua humu ndani. Amebadilisha urefu wa kiti changu, na leo asubuhi nimemkuta anamweleza Kinyozi makosa yake.

Mama yako